Wanaoishi Kwingine

Tarehe 4 Agosti

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. U mzima? Kikohozi kimekuacha? Sisi huku hatujambo, mimi na mkwe wangu, ila sikio langu la kushoto limestaafu kabisa na la kulia linafanya kazi kwa mkataba. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu napiga kelele mpaka majirani wanajua habari zetu kabla yako, na nikikata sikumbuki ulisema nini. Barua naisoma hata mara kumi.

Kliniki bado naenda kila Jumatano kupima watoto. Mizani ni ileile ya kuning'inia, na ndoano ni ileile uliyobembea nayo ukiwa mdogo nikakuchapa. Lakini foleni imefupika. Zamani nilipima watoto sitini mpaka mkono ukafa ganzi. Jumatano iliyopita walikuja kumi na tisa, na sita kati yao wameletwa na bibi zao kwa sababu mama zao wako mjini. Halafu nawasha redio nawasikia nyinyi watu wa takwimu mkisema watu wanaongezeka. Wanaongezekea wapi? Nieleze, maana mimi nawaona wakipanda basi tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Karani wa sensa alifika jana. Ni yule binti wa fundi cherehani, jirani yetu. Kavaa kizibao chake cha njano, kawa rasmi mpaka ananiuliza jina langu. Nikamwambia, wewe nilikupima ukiwa na kilo mbili na nusu, leo hunijui? Akacheka, akaandika. Tukaenda vizuri. Nani alilala humu usiku wa kuamkia siku ya sensa? Mimi na mkwe. Umri, shule, choo, bati. Tukafika swali la ishirini na tatu.

Umezaa watoto wangapi? Wawili. Wangapi wanaishi nawe? Hakuna. Wangapi wako hai na wanaishi kwingine? Wangapi wamefariki? Wewe nilikutia kwenye "kwingine" bila shida. Kisha binti akanyanyua kalamu akangoja.

Ndugu yako Kiberiti anatimiza mwaka wa nne tangu atuage kwamba anakwenda kutafuta kazi za ujenzi nchi za watu. Mwaka wa kwanza alileta barua tano. Mwaka wa pili mbili. Tangu hapo kimya. Nikamwuliza binti, hakuna kisanduku cha "sijui"? Akatafuta karatasi nzima, juu mpaka chini. Akasema kwa umri kipo, kwa ekari za shamba kipo, kwa watoto hakuna. Kwenye semina waliambiwa mama anawajua watoto wake.

Basi mstari huo ameuacha kwa penseli. Atarudi tarehe kumi na tano kufunga mtaa wetu. Wewe uko katika ofisi iliyotunga maswali haya, niambie nimweke wapi. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kitanda chake kipo, na mkewe yupo, anakitandika kila asubuhi.

Wala usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka jana ulikuja bila taarifa, ukakaa siku nne unanitazama kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Na unakumbuka ulipokula sukari ya wageni ukakana? Kila aliyeingia nilimwambia nina mtoto mmoja tu, wa kiume, na huyu wa kike simfahamu. Ulilia kutwa nzima mpaka ulipoungama nikakuhesabu upya. Bado ni mimi yuleyule.

Mama yako

*

Tarehe 9 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kwamba sikio la kulia bado liko kazini. Liombee likizo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, ila vumbi la makaratasi humu ofisini litakirudisha karibuni. Msalimie sana wifi.

Umeuliza watu wanaongezekea wapi. Nchi nzima inaongezeka, kata yetu inapungua, na yote mawili ni kweli. Kuna hesabu moja tunaitumia kila siku. Unachukua watu waliokuwepo, unaongeza waliozaliwa, unatoa waliofariki, unaongeza waliohamia, unatoa waliohama. Hata nyumba yetu unaweza kuipigia. Kata yetu bado inazaa kuliko inavyozika. Mlango wa kutokea ndio unaotumaliza. Watu tunawachora kama ngazi, watoto chini na wazee juu, wanaume kushoto na wanawake kulia. Sensa iliyopita upande wa wanaume wa kwetu, kati ya miaka ishirini na thelathini na tano, ulikuwa umemegwa kama mkate. Safari hii naogopa utakuwa umemegwa zaidi.

Swali la ishirini na tatu ndilo lenye kazi ngumu kuliko yote. Watu wengi hawaandikishi vifo, hasa vya waliofia mbali. Kwa hiyo tunawauliza akina mama, na kutokana na majibu yao tunajua ni wangapi wanaokufa bila cheti. Mama akikosea mmoja si kitu. Wakikosea elfu kumi, tunaiambia serikali kwamba vijana wake wako salama kumbe hawako.

Kuhusu Kiberiti, kanuni inasema kwamba mtoto asiye na habari ya kifo anahesabiwa kuwa hai. Mwambie binti aandike wawili wanaoishi kwingine, waliofariki hakuna. Ndivyo ilivyo kwenye kitabu cha maelekezo.

Vaa sweta ukienda kliniki asubuhi.

Binti yako

*

Tarehe 17 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku leo ni wazima kuliko jana, na jana tulikuwa wazima kuliko juzi. Barua yako imefanya kazi ambayo dawa za presha zimeshindwa.

Nilimsomea mkwe kwa sauti mara mbili. "Anahesabiwa kuwa hai." Binti wa fundi cherehani aliporudi nilimwonyesha, akafuta penseli, akaandika 2 kwa wino. Siipendi mbili yake, ina kitambi. Wewe namba zako nilikufundisha mwenyewe, kwa mkaa, sakafuni. Moja yako ina kofia na kiatu, hata leo ningeitambua gizani.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha. Fundi baiskeli wa hapo njia panda, yule mjane, alikuja mwezi wa sita kumwulizia mkwe. Alikuja kwa adabu, kofia mkononi. Mkwe alisema atafikiri. Nami usiku sikulala, maana ana miaka ishirini na tisa na hana hata mtoto wa kumshika mkono. Nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia, nenda mwanangu, una baraka zangu. Midomo ilikuwa imefunguka kabisa.

Ndipo ikaja barua yako. Mkwe amempelekea fundi baiskeli jibu. Amemwambia mume wangu yu hai, ofisi ya takwimu imesema. Nami nimeomba chokaa kwa jirani, tumepaka chumba chao. Najua utasema ofisi haikusema hivyo. Lakini mimi nakujua. Huwezi kuandika kitu usichokuwa na uhakika nacho, tangu utotoni ukiulizwa kuna mayai mangapi unaenda kwanza kuyaangalia. Kama ungekuwa na shaka ungeandika "labda". Hukuandika "labda".

Mama yako

*

Tarehe 12 Septemba

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Natumaini presha imetulia na mnaendelea vizuri. Mimi nipo, nalala kidogo.

Madodoso yote yameshafika, ghala zima, yamefungwa kwa kamba wilaya kwa wilaya. Mimi ndiye msimamizi wa meza ya uhariri. Kila fomu yenye mashaka inaletwa kwangu, na ni mimi tu ninayeruhusiwa kushika kalamu nyekundu. Wiki hii nimemfukuza karani mmoja. Alijaza nyumba arobaini akiwa amekaa kwenye kibanda cha chai, akizitungia watu na watoto. Aliniomba kwa machozi. Nilimwambia anaweza kunidanganya mimi, lakini hesabu hii itatumika miaka kumi na hakuna atakayejua imeoza wapi.

Kuna jambo nataka kukuomba. Mwambie wifi asiufunge mlango kwa ajili ya sentensi moja ya kanuni. Kanuni ni kwa ajili ya kujaza fomu. Fundi baiskeli ni mtu mwema, na miaka haimngojei mtu. Kiberiti mwenyewe asingependa akae hivyo.

Nitakuja mwezi wa kumi nikipata ruhusa. Kuna mambo ni afadhali kuongea tukiwa tumekaa.

Binti yako

*

Tarehe 20 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Mbona unamwozesha mke wa ndugu yako? Wewe ndiye uliyesema yu hai, wewe ndiye unayetafuta wa kumrithi. Nimemsomea mkwe barua yako, kasoro sehemu hiyo.

Karani yule umefanya vyema kumfukuza. Mtu anayejaza nyumba ambazo hakubisha hodi ni mwongo, na njia ya mwongo ni fupi.

Njoo huo mwezi wa kumi. Chumba kimepakwa, utalala humo mpaka mwenyewe arudi.

Mama yako

*

Tarehe 26 Novemba

Mwezi wa kumi hukuja. Sikuuliza sababu, nilidhani ni kazi.

Jana amekuja karani wa marudio. Ni mwanamume wa makamo, mwenye miwani, mgeni huku. Alieleza kwamba wanapita nyumba chache tu kulinganisha majibu ya kwanza, na nyumba yetu imetokea kwenye bahati nasibu. Nikamkaribisha. Akaweka mezani fomu yetu ya mwezi wa nane, akaanza kuuliza mstari kwa mstari. Tulipofika swali la ishirini na tatu akavua miwani akaifuta, akasema, "Mama, hapa pana mkanganyiko kidogo. Kwanza uliandikiwa wawili wanaoishi kwingine. Kisha ofisi imesahihisha. Mmoja kwingine, mmoja amefariki. Lipi ndilo sahihi?"

Nilidhani sikio limenidanganya. Nikamwomba anionyeshe. Akageuza karatasi upande wangu kwa upole tu, kama mtu anayeonyesha risiti. Ile mbili yenye kitambi imekatwa kwa wino mwekundu. Kando yake pana moja. Chini yake, kwenye waliofariki, pana moja nyingine. Zote mbili zina kofia na kiatu.

Mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya matunda aliyomletea mgeni. Aliona kabla yangu. Aliweka sahani mezani, akaenda kukaa kizingitini, hakulia. Karani alisema samahani, sijui kama nimekosea kitu. Nikamwambia hukukosea, baba. Nikamwambia mstari huo auache kwa penseli, arudi tarehe sita Desemba.

Fundi baiskeli ameoa mwezi uliopita. Mkwe alisaidia kupika kwenye harusi yake.

Nina swali moja, na mimi sina kanuni wala kitabu cha maelekezo. Umejua tangu lini?

Mama yako

*

Tarehe 30 Novemba

Mama,

Shikamoo.

Tangu mwaka jana, mwezi wa tatu. Nakuandikia yote, sitaficha tena.

Alinipigia simu mtu mmoja waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja, wanamwita Mpishi kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapikia wenzake. Alikuta namba yangu kwenye daftari la Kiberiti. Walikuwa wakijenga jengo refu. Kiberiti alikuwa kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya sita, anapokea ndoo za zege. Ubao ulikatika. Mpishi alisema hakuteseka, na mimi nimechagua kumwamini. Walimzika wenzake siku ya pili. Hawakujua jina lake la ukoo, kila mtu alimwita kwa jina la utani, akajiita hivyo hata kule. Kaburi lina namba tu. Namba yenyewe ni 212. Nimeiandika mahali pengi ili nisiisahau, kisha nikaona siwezi kuisahau.

Ile safari ya mwaka jana bila taarifa, nilikuja kukuambia. Nilifanya mazoezi ndani ya basi njia nzima. Nilipofika ulikuwa umetoka hospitali juzi yake, mganga ameandika kwenye karatasi kwamba usipate mshtuko. Ukaniambia nisikilize redio nawe, huenda wakataja habari za huko aliko. Siku ya kwanza nikashindwa. Siku ya pili ukasema, mtoto wangu mmoja amerudi, bado mmoja. Nikashindwa siku zote nne. Kila mwezi uliopita baada ya hapo, kusema kuliongeza kosa la kutosema, nikawa kama mtu anayekimbia deni kwa kuhama nyumba.

Ulipouliza kuhusu swali la ishirini na tatu, kanuni niliyokuandikia ni ya kweli. Ipo kitabuni, ukurasa wa sitini na moja. Ila inamhusu mtoto asiye na habari ya kifo, na mimi habari nilikuwa nayo.

Utauliza kwa nini basi nikasahihisha. Kamba ya kata yetu ililetwa mezani kwangu. Fomu yako ilikaa mbele yangu siku tatu. Nilijaribu kuipitisha. Nilikuwa nimeshamfukuza mtu kwa uongo wa kwenye kibanda cha chai, na hapa nina uongo wangu mwenyewe kwa wino, nimeutuma kwa posta. Kwenye jedwali la vifo vya wanaume wa kata yetu Kiberiti alikuwa hai. Hakuwahi kuandikwa popote kwamba amekufa, Mama. Kule hawana jina lake, huku hatukuwa na habari yake. Nikaona angalau mahali pamoja papatikane panaposema kweli juu yake. Nilichukua kalamu nyekundu. Sikufikiri kwamba kuna mtu angekuletea karatasi ile. Nyumba za marudio huchaguliwa na mashine, nyumba moja katika mia mbili.

Karatasi niliiambia ukweli, wewe sikukuambia. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya. Wifi sipati la kumwambia. Mwombe anisamehe, au usimwombe.

Naomba uniandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Binti yako

*

Tarehe 23 Desemba

Mama,

Shikamoo. Sijui kama u mzima. Nakuandikia tena kwa sababu ya Jumamosi.

Nilifika kwa basi la saa moja asubuhi. Nilibisha hodi mpaka jirani, fundi cherehani, akatoka na sindano mdomoni. Alisema uko ndani, alikuona ukiteka maji. Alisema siku hizi husikii kabisa. Nilizunguka dirishani. Pazia lilikuwa limefungwa, lakini niliona kivuli chako kikipita na kikombe. Niligonga kioo. Kivuli kilisimama, kisha kikaendelea.

Nilikaa kizingitini mpaka basi la mwisho. Fundi cherehani aliniletea kigoda, kisha chai. Ndiye aliyeniambia wifi amerudi kwao wiki mbili zilizopita na sanduku moja. Aliacha shuka la Kiberiti limekunjwa juu ya godoro.

Nimekuachia sweta mlangoni. Asubuhi za huko kuna baridi.

Binti yako

*

Tarehe 18 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini umepokea sweta, na kwamba kliniki bado unakwenda. Barua zangu za Januari nadhani zilifika, maana hazikurudishwa.

Leo zimeletwa fomu za marudio. Ya kwako ilikuwa ya tatu kutoka juu. Niliijua kwa namba ya kaya kabla sijaifungua. Karani mwenye miwani ana mwandiko mzuri, hakuna pa kubahatisha. Tarehe sita Desemba. Waliolala humo usiku wa kuamkia siku hiyo, mmoja. Kwa hiyo wifi alikuwa ameshaondoka. Nikapiga ile hesabu niliyokufundisha, kwa nyumba yetu. Tulikuwa wanne, Baba akiwa hai. Waliozaliwa baada ya hapo, hakuna. Waliofariki, wawili. Aliyehamia, mmoja, naye amehama. Na mimi nilihama. Jibu ni wewe peke yako.

Kisha swali la ishirini na tatu. Umezaa watoto wangapi? Mmoja. Wanaoishi nawe, hakuna. Walio hai wanaoishi kwingine, hakuna. Waliofariki, mmoja.

Niliisoma nikafikiri karani amekosea. Pembeni ameandika kwa herufi ndogo, kama tunavyowafundisha jibu likiwa tofauti na la mwanzo: "Mhojiwa ameulizwa mara tatu. Amesikia vizuri. Amesisitiza ni mmoja, wa kiume."

Kanuni ya marudio niliitunga mimi, mwaka juzi. Majibu mawili yakipingana, la pili ndilo linaloshika. Na fomu ambayo jumla yake inakubaliana haiguswi. Yako inakubaliana. Mmoja aliyezaliwa, mmoja aliyefariki. Msichana wa meza ya pili aliniuliza kama ina tatizo, maana nimeishika muda mrefu. Nilimwambia haina. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi na sikuitumia. Nimeigonga muhuri, imekwenda kwenye kamba pamoja na nyingine, itahesabiwa hivyo miaka kumi ijayo.

Ile sukari ya wageni niliungama jioni ileile, ukanihesabu kabla hatujala. Hili nimeungama tangu tarehe thelathini Novemba.

Binti yako